Hesabu Watu wa Nyumba Yako Kabla ya Mvua

Wapendwa wa Mwigobero hapa Musoma, na ninyi ndugu zetu wa Bunda na Butiama ambao karatasi hii itawafikia mkononi mwa msafiri: fungueni Matendo ya Mitume sura ya 27, mkaisome yote leo jioni mkiwa na watoto. Ni sura ya watu wa majini. Mtu aliyekulia mwaloni akiisoma hahitaji mfafanuzi.

Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi chini ya ulinzi wa akida, mkuu wa askari. Msimu wa safari umepita, naye anawaonya wakubwa wa chombo wasitoke bandarini. Akida anaamua kumsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Bandari ile haikuwafaa kukaa, na wengi wakashauri waondoke. Kisha ukavuma upepo mwanana wa kusini, wakadhani mambo yametengemaa. Haukupita muda mrefu, dhoruba ikawashukia kutoka kisiwa chenye bandari ile, wakawa wa kusukumwa tu.

Ndugu zangu, mnaujua huo upepo mwanana. Ndio unaovuma hapa Mwigobero jioni, mitumbwi ya dagaa inapotoka na taa zake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kuja kwetu, na mawingu yakajengeka huko juu milimani. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, upepo hutoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya ziwa, unakutana huko juu ya maji yenye joto, na wingu la radi linapanda wakati vijana wetu wako kazini. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku. Tajiri mwenye mtumbwi amelala kwake. Wataalamu wa hali ya hewa wamekadiria kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, nchi zote tatu zikijumlishwa. Kila mmoja wao alikuwa na nyumba, na nyumbani alikuwako mtu aliyeweka chakula pembeni akimsubiri.

Lakini leo sisemi na wavuvi peke yao. Nasema na nyumba nzima, maana tumezoea kudhani kwamba maji ni habari ya walioko ziwani. Maji sasa yanakuja mlangoni.

Wazee waliokuwapo kati ya mwaka 1961 na 1964 wanakumbuka ziwa likipanda zaidi ya mita mbili. Tanganyika ilipata Uhuru na maji yakapata mashamba. Watu waliofuata walisema hiyo ilikuwa mara moja, haitarudi. Mei 2020 ziwa lilirudi mpaka alama ile ya 1964 na kuivuka. Mwaka 2024 likapanda tena zaidi. Mwenye kupanga chumba karibu na maji ameona mwenyewe mahali palipokuwa na vichanja vya dagaa pakiwa na mawimbi. Ziwa hili hupokea sehemu kubwa kabisa ya maji yake kutoka kwa mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja. Likijaa halishuki kwa wiki moja. Hukaa miezi, likilowesha kuta za tofali usiku na mchana mpaka nyumba ianguke siku ambayo hata hakuna mvua.

Ndugu zetu wa Kirumi na Buswahili wana hatari nyingine. Mto Mara unazaliwa Mau, nchini Kenya, unapita Masai Mara na Serengeti kabla ya kufika kwenye majaruba yenu. Maji yanayowafikia usiku yaweza kuwa ya mvua ambayo hamkuisikia hata ngurumo yake. Anga lenu jeupe, mbuzi wako malishoni, na mto unapanda. Mkiona maji ya mto yamebadilika rangi ghafla na yanabeba magogo na majani, msisubiri kuona mawingu. Pandisheni watoto, pandisheni mifugo.

Najua jibu lililoko midomoni mwa wengi. Mungu atatulinda. Nami nasema amina, atatulinda. Lakini rudini kwenye ile sura ya 27, mahali ambapo tunapenda kuparuka. Malaika alimtokea Paulo usiku akamhakikishia kwamba hakuna hata mtu mmoja wa chombo kile atakayepotea. Ahadi ilikwisha kutolewa. Na baada ya ahadi hiyo wakafanya nini? Walipima kina cha maji. Walitupa nanga nne nyuma ya chombo. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo, Paulo mwenyewe, yule mwenye ahadi mkononi, ndiye aliyemwambia akida kwamba hawa wasipobaki hakuna wa kuokoka, na askari wakazikata kamba za mashua. Akawahimiza watu wale chakula, maana walikuwa hawajala kwa siku nyingi na wangehitaji nguvu ya kuogelea. Wakala. Wakaitupa ngano baharini. Asubuhi wanaojua kuogelea wakatangulia, wengine wakafuata juu ya mbao. Ahadi ya Mungu ilitimia kwa mikono iliyofanya kazi usiku kucha. Anayeitaja ahadi huku amekunja mikono hajaisoma sura hii mpaka mwisho.

Na angalieni jambo moja ambalo Luka, mwandishi wa kitabu hiki, hakuliacha. Aliandika idadi. Watu 276. Katikati ya dhoruba, jua na nyota havionekani, mtu fulani alijua wamo wangapi. Ndiyo sababu walipofika ufukweni waliweza kusema wote wamefika.

Basi hilo ndilo neno langu kwenu, na mengine yote yanatokana nalo: hesabu watu wa nyumba yako sasa, kungali kukavu. Usijumlishe kichwani. Wataje kwa majina. Bibi ambaye magoti hayamruhusu kusimama bila kushikwa. Mtoto mwenye usingizi mzito. Dada wa kazi aliyetoka Tarime ambaye hajui njia za mtaa huu usiku. Mpangaji wa chumba cha nyuma, yule mnayemjua kwa jina la kazi yake tu. Kijana anayelala mwaloni kulinda mashine ya mtumbwi. Kwa kila jina, jibu swali moja: usiku wa manane, umeme umekatika, maji yako kifundoni, nani anamshika mkono huyu? Nyumba isiyo na jibu la swali hilo haijajiandaa, hata kama ina magunia matatu ya udaga.

Wekeni bibi chini ya ulinzi wa mtu mmoja mwenye jina. Mkisema tutambeba sote, kila mtu atadhani mwingine amembeba. Mtoto mkubwa apewe mtoto mdogo mmoja, asipewe wawili. Dada wa kazi atembezwe njia ya kwenda juu, mchana, mpaka aweze kuipita kwa kupapasa. Musoma ni mji wa miamba, ndugu zangu. Mungu ametupa mawe makubwa na miinuko hatua chache kutoka majini. Chagueni mahali pamoja pa kukutana: shule, kanisa, msikiti, nyumba ya ndugu aliye upande wa juu. Mahali hapo pajulikane hata na mtoto wa chekechea. Zoezi la kwenda hapo mlifanye kwa miguu, jioni moja, familia nzima ikitembea, ili mjue kama mtaro ule mnaouruka kila siku unarukika pia ukiwa umejaa.

Hapo kwenye mtaro nawasihi sana. Maji ya kina cha sentimita 15 tu yakienda kasi yanamwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuanza kulielesha gari dogo. Bodaboda anayesema napita tu, na mama aliyempakata mtoto nyuma yake, hawaoni kama karavati chini ya maji bado lipo au limeondoka. Simameni. Lala kwa jirani. Ugali wa nyumbani utakusubiri.

Sasa mama, njoo mlangoni. Tafuta mfuko wa nailoni ngumu, weka ndani yake mfuko mwingine. Humo ndani iingie kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, mkataba wa pango au hati ya kiwanja, kadi ya pikipiki. Iingie fedha taslimu kidogo, kwa sababu mtandao ukianguka wakala wa simu hana cha kukupa. Ziingie dawa za kila siku: za presha, za kisukari, za pumu, na ARV pia, na mtu asione haya kuziweka, wala mwenzake asimwonee haya. Dawa iliyosombwa na maji ni siku za matibabu zilizokatika. Toa hewa, funga mdomo wa mfuko kwa kuukunja mara mbili kisha fundo, utundike kwenye msumari ulio juu ya mlango, upande wa ndani, mahali mkono unafika gizani. Huo mfuko usifunguliwe kwa kutafuta kalamu. Pembeni yake tochi yenye betri nzima, na redio ndogo.

Redio, kwa sababu Paulo wa siku hizi anasikika humo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa onyo kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Wanapotaja mikoa ya kanda ya Ziwa Victoria, Mara imo. Nimesikia watu wakisema walitangaza juzi na haikunyesha. Ni kweli, wakati mwingine wingu hupita kando. Lakini akida naye aliona upepo mwanana akadhani mfungwa amekosea. Onyo ambalo halikutimia limekugharimu jioni moja ya biashara. Vuli inaanza Oktoba, masika Machi. Kati ya misimu hiyo mna muda wa kutosha, na ndio mnaoupoteza.

Baba, panda juu ya nyumba, au mwite fundi. Upepo haulivunji paa kwa kulikandamiza, unalinyanyua. Unaingia kwa mlango au dirisha lililo wazi, unapanda, unakuta kenchi zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu, unaziondoa zote kwa pamoja. Mawe mnayoyaweka juu ya bati hayasaidii. Bati likiondoka, jiwe linaangukia kitanda. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya wa nondo au bati la kamba, misumari ya bati iongezwe kwenye kingo ambako upepo huanza kupenyeza kidole. Gharama yake ni ndogo kuliko bati moja jipya. Dhoruba ikianza, fungeni madirisha na milango, kaeni chumba cha ndani, mbali na bati na vioo.

Radi je? Januari 27, 2025, huko Bukombe mkoani Geita, radi iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda. Walikuwa shuleni, wakifanya yale watoto wote hufanya. Kwa hiyo mtu asiseme radi ni ya waliokosea, wala asimtafute mchawi. Ni umeme wa wingu, nao una namna ya kuhofiwa. Ukiona mwanga, hesabu sekunde. Sauti husafiri kilomita moja kwa kama sekunde tatu. Ngurumo ikikufikia kabla ya 30, tayari uko katika eneo lake. Toka majini, toka chini ya mwembe, achana na nyavu na fito za chuma, ingia kwenye nyumba imara au gari lenye bodi, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Na maji yakianza kuingia ndani, zima swichi kuu ya umeme mapema, ukiwa umesimama pakavu. Maji yakishafika kwenye soketi, usiiguse tena. Ondoka.

Kuhusu chakula na maji nitasema machache. Udaga au unga wa siku kadhaa, dagaa wakavu, chumvi, kiberiti kwenye chupa kavu, madumu yaliyojazwa maji kabla ya mvua. Jazeni kabla, kwa maana mafuriko yakipita kwenye vyoo vya shimo, ziwa zima linakuwa kisima chenye uchafu, na kipindupindu hakingojei. Maji yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa. Mtoto akianza kuharisha maji matupu, ORS mara moja na kituo cha afya mara moja. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache, na kinatibika kabisa mgonjwa akiwahi.

Nina neno kwa wenye nyumba za kupangisha, na sitalipunguza makali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Unaijua. Umejenga vyumba kwenye njia ya maji kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi, ukampa mjane na watoto wanne, unachukua kodi ya miezi sita mkononi, na wewe unalala juu, Makoko au Bweri. Mbele za Mungu hiyo kodi ina jina. Rekebisha: inua msingi, chimba mtaro, mwambie mpangaji ukweli kuhusu mwaka 2020, mrudishie fedha zake akitaka kuhama. Usipofanya hivyo, usije madhabahuni na fungu la kumi la kodi hiyo.

Na tajiri wa mitumbwi: vijana wako sita wana maboya mangapi? Nauliza maboya, siulizi madumu yaliyokatwa. Julai 30, 2023, siku ya Jumapili, watu wa Mchigondo, kata ya Igundu kule Bunda, walikuwa wakitoka ibadani kwa mitumbwi miwili. Mitumbwi ikapinduka. Zaidi ya watu kumi walikufa, na waliookolewa waliokolewa na wavuvi. Walitoka kumwabudu Mungu, wapendwa. Wimbo ulikuwa bado mdomoni. Ibada haikuwa boya, na Mungu hakuahidi popote kwamba itakuwa. Kanisa linaloita watu kuvuka maji lina wajibu wa kujua wanavuka na nini. Mchungaji anayepanga mkutano ng'ambo, Kinesi au Rukuba, apange na maboya kwanza, ndipo apange kwaya.

Waokoaji wa kwanza huwa majirani. Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba katika hali mbaya ya hewa, watu 19 walikufa na 24 wakapona, na waliofika mwanzo walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba 114, ipigeni, lakini ijueni pia namba ya jirani. Desemba 3, 2023 tope la mlima Hanang liliposhukia Katesh, ilikuwa asubuhi ya Jumapili, na wale waliokufa, 89 kwa hesabu iliyotolewa na serikali, wengi walikuwa majumbani kwao. Hakuna gari la uokoaji linalofika dakika ile. Anayefika ni aliye ukuta wa pili. Basi nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi wenu, muulize: kamati ya maafa ya mtaa wetu ni akina nani? Kama hajui, mkae pamoja naye mpaka ajue. Mkaandike kwenye daftari wote wasioweza kukimbia: wajawazito waliokaribia, wasioona, wazee wanaoishi peke yao, yule kijana wa akili tofauti ambaye watoto humtupia mawe. Yeye pia ni mmoja wa 276.

Ndugu zetu Waislamu, nanyi mnamjua Nuhu kama tunavyomjua sisi, na mnajua kwamba alijenga wakati jua linawaka na watu wanacheka. Spika ya msikiti inasikika mpaka majini. Tukubaliane: tahadhari kubwa ikitangazwa, spika yenu na kengele yetu vilie pamoja, na kila mtu wa Mwigobero ajue maana yake ni kupanda juu.

Jumamosi hii, baada ya soko kupungua, kila nyumba itembee njia yake ya kupandia na kuhesabu watu wake kule juu. Jumapili wakuu wa nyumba walete majina yaliyoandikwa, nakala moja kwa kanisa na moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Vijana wa kwaya wasafishe mtaro kuanzia kanisani mpaka mwaloni, wazoe chupa na nailoni, wasizisukume mbele zikazibe karavati la jirani. Akina mama wa umoja waangalie nani hana nailoni ya mfuko wa mlangoni, wampe. Na wazee wa kanisa, milango ya nyumba ya Bwana isifungwe usiku wa dhoruba. Funguo ziwe kwa watu watatu wanaoishi karibu, na majina yao pamoja na namba za simu yaandikwe kwa rangi juu ya mlango mkubwa, kwa herufi ambazo mtu ataweza kuzisoma kwa mwanga wa tochi.